Jinsi Karteri Yetu Ilivyopunguzwa

Kilio kilikuja kwanza. Mwanga ulikuwa haujapenya kwenye nyufa za mbao, nami sijajua bado kama nimeamka au ninaota, kilio kikatoka upande wa pili wa ukuta, chembamba, chenye hasira, kama cha mtu aliyetolewa kitandani kwa nguvu. Kisha sauti ya mama leki, imechoka, inacheka.

"Eh, karibu. Usitupigie makelele, si siye tulikuita. Muulize mama yako."

Mama leki ni mdogo wa mama yangu mzazi. Ndivyo tunavyowaita Kisangani. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, pamoja na koko, yaani bibi, aliyewazaa wote wawili. Mama leki alikuwa mkunga wa kituo kidogo cha afya cha karteri yetu, mtaa mmoja katika komini ya Mangobo, na chumba cha kuzalishia kiligusana na nyumba yetu. Kitanda changu kilikuwa upande huu wa mbao, kitanda cha wanaojifungua upande ule. Watoto wa avenyu yetu, karibu wote, niliwasikia kabla ya kuwaona.

Asubuhi ile wanawake waliokuwa wakingoja nje hawakuuliza ni mtoto wa kiume au wa kike. Waliuliza kama wanavyouliza siku zote: "Ni nani amekuya?"

"Ni tonton," mama leki akajibu kupitia dirishani. "Tonton wa maporomoko."

Vicheko vikalipuka. Tonton huyo, yaani mjomba kwa heshima, alikuwa jirani yetu, mvuvi wa ukoo wa pale kwenye maporomoko ya mto, na mtoto alikuwa wa binti yake. Alifika mbio, shati halijafungwa vifungo, akachungulia ndani.

"Sijakufa bado na nimeshakuya tena!" akasema. "Bon, mwangalieni vizuri. Huyo deni zangu zote atalipa yeye."

Nalieleza jambo hili kwa wale wasiolijua, kwa maana ndilo lililotumaliza. Kwetu mtoto hapewi jina lililookotwa. Anapewa mtu. Anapewa jina zima la babu, la shangazi, la rafiki wa baba, majina yote matatu hadi lile la ubatizo, na mwenye jina mara nyingi bado yuko hai, anakula lituma yake ya ndizi za kuponda hapo barazani na kuangalia. Wawili hao ni ndoyi. Ndoyi si kufanana kwa majina tu. Ukimpiga mtoto, umempiga mzee. Mzee akipata nyama, kipande cha kwanza ni cha ndoyi wake. Mwanamke ambaye mwanawe ana jina la baba mkwe hamwiti mtoto kwa jina, anamwita papa, na akimkemea anamkemea kwa adabu: "Papa, samahani, toka kwenye majivu."

Nyumbani kwetu alikuwepo binti wa kaka yangu, mtoto wa kutambaa na kuangusha vitu, aliyepewa jina la koko. Koko alimwita Miye, yaani Mimi. "Miye amekula?" aliuliza kila akirudi sokoni. "Miye analia, nani amemuliza?" Na siku mtoto alipolowanisha mkeka mbele ya wageni, koko alifuta mwenyewe na kusema bila aibu, "Munisamehe, uzee." Mama leki naye alipewa jina la mama yake koko. Kwa hiyo koko, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, alimwita binti yake wa mwisho Mama, na alimtii. Mama leki akisema chumvi imezidi, koko aliongeza maji. Akisema ni wakati wa kulala, koko alilala.

Niliyapenda mambo haya kwa mapenzi ya mtu anayeandika. Jumamosi tulikutana, vijana wachache tunaoandika, kwenye uwanja wa nyumba ya rafiki karibu na chuo kikuu, tukasomeana kurasa. Nilisoma kurasa zangu kuhusu ndoyi, kuhusu mji ambamo hakuna anayekwisha. Walipiga makofi. Nikarudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Halafu ulikuja mradi wa kutuhesabu.

Nchi hii haijahesabiwa tangu kabla sijazaliwa. Kila ofisi ina namba yake: ya zamani, ikaongezwa kidogo kila mwaka, kama mama mwenye nyumba anavyoongeza maji kwenye mchuzi wa juzi. Mradi huo wa afya ulisema umechoka na mchuzi. Sensa ni ghali na nchi ni pana, basi utakisia idadi ya watu kutokana na kumbukumbu zilizopo tayari: kadi za familia za mkuu wa avenyu, vitabu vya chanjo, orodha za shule. Kwenye idadi hiyo ndipo msaada ungepimwa. Kituo chenye watu wa kutosha kingebaki na chumba cha kuzalishia, na mkunga wake, na friji ya chanjo. Kituo chenye watu pungufu ya kiwango kingebaki na vidonge vya malaria na benchi.

Mama leki hakuogopa. "Siye?" alisema. "Siye tuko wengi hadi kuchukiza. Wahesabu tu."

Nilipata kazi huko, ya kunakili kadi kwenye kompyuta, kwa sababu nilikuwa na vidole vyepesi. Riwaya yangu niliichapa mwenyewe. Mkuu wetu alitoka Kinshasa. Tulimwita shefu, kama kila mkubwa anavyoitwa. Sitaki kumchora kama shetani, ingawa ningefurahi. Alikuwa mtu wa heshima, viatu vyake aliviosha kila jioni kwa maji ya chupa, na alikula chakula chetu bila kuuliza kimepikwa na nani. Siku ya kwanza alitueleza hesabu yake.

"Nyinyi ni watu wa mto," alisema. "Mnataka kujua mto una samaki wangapi. Leo mnatupa wavu, mnawatia alama wote mliowapata, mnawarudisha majini. Kesho mnatupa wavu mwingine. Mkiona wengi wa kesho wana alama ya leo, mjue mto hauna samaki wengi, wavu wenu unawapata walewale. Mkiona wachache tu wana alama, mjue mto umejaa, kuna wengi hamjawahi kuwaona. Sasa, wavu wa kwanza ni kadi za mkuu wa avenyu. Wavu wa pili ni vitabu vya chanjo na shule. Jina likionekana kwenye nyavu zote mbili, huyo ni samaki mwenye alama."

Niliiona nzuri mno hesabu ile. Jioni nikamsimulia tonton, aliyekuwa ameketi mlangoni pake akishona mtego wa samaki wa fito za rotini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wanamurudisha samaki majini?"

"Ndiyo, tonton. Ili wamuhesabu."

"Hawa watu wameshiba," akasema, akaendelea kushona.

Ilinichukua muda kuona kilichokuwa kikitokea chini ya vidole vyangu. Kadi za mkuu wa avenyu zina hasa wazee na wenye nyumba. Vitabu vya chanjo vina hasa watoto. Na kompyuta ilikuwa imeagizwa kwamba majina matatu yakilingana, jinsia ikilingana, avenyu ikilingana, basi ni mtu mmoja. Umri haikuutazama. Shefu aliamua hivyo kwa sababu nzuri: kwenye kadi zetu umri hauna maana, mtu aliandikiwa alivyokumbuka, au alivyokumbuka karani, na kadi zikilowa mvua zinanakiliwa upya na wino mwingine na mwaka mwingine. Angeutegemea umri, angepata mara mbili watu waliopo mara moja.

Basi tonton wa kadi na tonton wa kitabu cha chanjo wakawa tonton mmoja. Koko na Miye wakawa mmoja. Nyumba baada ya nyumba, kila mzee aliyependwa hadi akapewa ndoyi alimeza mtoto. Lakini ubaya haukuishia kwa huyo mmoja aliyepotea, na hapa ndipo hesabu ile nzuri ilipotuuma. Kila walipounganishwa wawili, kompyuta iliona samaki mwenye alama. Ikaona alama nyingi, nyingi mno. Ikafikiri: nyavu hizi zimeshawapata karibu watu wote, karteri hii haina watu waliojificha. Ikatupunguza mara ya pili, ikawafuta hata wale ambao hawakuwa kwenye kadi yoyote, wapangaji, wanawake waliokuja kutoka Banalia na Isangi wakiwa na mimba na godoro. Kadiri tulivyopendana kwa majina ndivyo tulivyozidi kuwa wachache.

Shefu alipobandika makisio ya kwanza ukutani, karteri yetu ilikuwa chini ya kiwango. Si kwa mbali. Kwa kiasi cha kuumiza.

Nilimwambia mama leki akiwa anafua vitambaa vya kituo. Hakuniuliza mengi. Alikamua kitambaa alichokuwa nacho, akakianika, akajifuta mikono, akavaa viatu vya kwenda misani, tukaenda ofisini.

"Shefu," alisema, "wewe umezika bantu wazima, watu wenye kupumua."

Alimweleza. Nilisimama pembeni kama mfasiri ingawa wote wawili walisikilizana vizuri. Shefu aliandika, akauliza, akaandika. Alikuwa na akili. Nilimwona akielewa, nikamwona pia akiona ukubwa wa kazi iliyoharibika.

"Mama, ninakuamini," akasema. "Lakini imani yangu haiingii kwenye ripoti. Ninyi hapa, wakati wa kugawa vyandarua, mliazimana watoto. Ni uongo?"

Mama leki alitazama chini. Haikuwa uongo. Avenyu nzima inajua mtoto fulani alihesabiwa nyumba ngapi siku ile, na alirudi kwao amechoka, ameshiba biskuti.

"Kwa hiyo Kinshasa hawakubali tena macho ya wakala anayehesabu," shefu akaendelea. "Wakala akiandika ‘nimeona wawili’, wanasema amenunuliwa. Linalokubaliwa ni neno la mtu mwenyewe, na alama ya kidole chake chini yake. Nitafanya hivi: kompyuta itachagua jozi kadhaa za majina. Nitakuja mwenyewe karteri kwenu. Nitawauliza: ni mtu mmoja au ni wawili? Wengi wakisema wawili, nitabadilisha kanuni, nitarudia hesabu yote. Ni haki?"

"Ni haki," mama leki alisema, na njiani kurudi aliimba.

Nyumba zilizochaguliwa zilijulikana, na yetu ilikuwemo. Siku mbili tatu hizo mama leki alipita mlango kwa mlango kabla ya zamu yake. Nilimsindikiza. "Museme tu: tuko bawili. Maneno moja," aliwaambia. "Mukisema hivyo, kitanda kinabaki. Mukikosea, binti zenu watazalia kwenye moto, ile pikipiki, kule nyuma ya dereva." Watu walicheka, wakamkaribisha kiti, wakasema ndiyo, ndiyo mama, ni kweli kabisa. Nilidhani wamekubali. Kwetu mtu hamkatalii mgeni aliyesimama mlangoni. Anamwachia aende na furaha yake.

Shefu alikuja asubuhi yenye jua kali baada ya mvua. Meza iliwekwa kwenye kivuli cha kituo, na benchi, na karatasi za maswali chini ya jiwe. Avenyu yote ilikuja kutazama. Mimi niliketi kando ya shefu na kompyuta magotini. Mama leki alisimama nyuma yetu, amevaa koti lake jeupe.

Tonton alikuwa wa kwanza, na ndoyi wake mikononi, akiwa amefungwa kitambaa kipya.

"Papa," shefu alisema, "soma, au nikusomee. Huyu na wewe, ni mtu mmoja au ni watu wawili?"

Tonton alimtazama mtoto. Alitutazama. Akawatazama watu.

"Shefu, hiyo swali iko na mutego."

"Haina mtego, papa."

"Miye ni mutu wa mitego, minaijua." Watu wakacheka. Kisha kicheko kikatoka usoni mwake na sikukiona tena. "Mutoto huyu nilimupa jina yangu mbele ya bantu. Sasa minakuja mbele ya bantu haohao kusema haiko miye? Atabaki na nini? Atabaki bila jina, kama kuku." Akamsogeza mtoto kifuani. "Andika moja."

Sauti za kukubali zikapita kwenye benchi, za chini, kama za kanisani. Nyuma yangu nilisikia mama leki akivuta pumzi.

Baada yake alikuja mke kijana aliyeolewa kutoka Yanonge. Mwenye jina, baba mkwe wake, alikuwa mtoni, hivyo yeye alijibu kwa niaba ya nyumba. "Bawili," alisema haraka, kama alivyofundishwa, akamtafuta mama leki kwa macho. Mama mkwe wake akasimama kutoka kwenye benchi.

"Rudia."

"Mama, ni mukunga alisema..."

"Mukunga alizaa mutoto huyu? Unamuvua mutoto jina ya bwana yangu mbele ya mugeni, akiugua kesho utamwambia nani? Rudia!"

"Moja," alisema yule binti, na akalia, na akabonyeza kidole.

Kuanzia hapo ilikuwa kama mto ukishaamua njia yake. Mmoja. Mmoja. Mzee mmoja alijibu kwa fahari, akipiga kifua, akidhani anaulizwa kama kweli anampenda mjukuu wake. Shefu aliacha kunitazama. Kila mara aliwaona wawili mbele yake, mmoja mwenye meno yaliyokwisha na mwingine mwenye meno yasiyoota bado, na kila mara aliandika alichoambiwa.

Koko aliitwa karibu na mwisho. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Miye alikuwa mgongoni. Alimshusha, akamketisha mapajani, akamfuta pua.

"Mama, huyu ni nani?" shefu aliuliza.

"Ni miye."

"Hapa mko watu wangapi?"

"Hapa? Tuko wengi, shefu. Avenyu nzima haina kazi leo."

Walicheka, hata shefu. Lakini alirudia, taratibu, na sasa nilimsikia akimwomba. Ndiyo, alimwomba, nitampa haki hiyo. "Wewe na mtoto huyu, mama. Wewe peke yako, na yeye peke yake. Mko wangapi?"

Koko alinyanyua macho juu ya kichwa cha shefu, hadi kwenye koti jeupe. Alikuwa anajua nini kitapotea. Hakuna aliyejua kuliko yeye: alichemsha maji ya chumba kile tangu kilipojengwa, alikata kucha za wanawake waliokuwa hawawezi kuinama. Niligeuka nikamwona mama leki akimwonyesha vidole viwili, chini, karibu na paja, kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake kwenye mtihani.

"Mama," koko alimwambia binti yake, "unisamehe."

Kisha akamwambia shefu, "Tuko moja."

Nilichapa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliifanya. Kwenye nafasi ya maelezo shefu aliniambia niandike kwamba alionekana mtu mzima pamoja na mtoto, nikaandika, kwa Kifaransa kizuri. Lakini hesabu haikusoma maelezo. Ilisoma safu moja tu, na safu ile ilisema kwamba kompyuta haikukosea hata kidogo.

Nimewachukia watu wengi kwa ajili ya asubuhi ile, kwa zamu. Nilimchukia shefu, kwa uungwana wake. Nikawachukia wale wa Kinshasa wanaotaka neno la mtu lakini hawataki kujua neno hilo linamgharimu nini. Nikatuchukia sisi na biskuti zetu na vyandarua vyetu, maana tungekuwa hatukusema uongo siku ile, macho ya shefu yangetosha. Na nilizichukia kurasa zangu. Nilikuwa nimeandika kwamba kwetu hakuna anayekwisha. Jumamosi iliyofuata wenzangu waliniomba nizisome tena kwa sababu alikuwepo mgeni. Nilisema nimezipoteza.

Uamuzi ulifika kabla ya msimu wa mvua kubwa. Gari lilikuja likachukua kitanda cha kuzalishia, mizani na friji. Vijana waliobeba walipata shida mlangoni, kitanda kikakwaruza mbao, mama leki akawaelekeza jinsi ya kukiinamisha, kwa sauti ileile aliyowaelekezea wanawake. Wajawazito waliambiwa waende kituo cha upande wa pili wa soko, ng'ambo ya kijito ambacho mvua ikinyesha hakivukiki. Mama leki mwenyewe alihamishiwa barabara ya Banalia, kwenye kituo ambacho watu wake, inaonekana, walitosha.

Siku ya barua ya uhamisho koko alipika makayabu, samaki wa chumvi, na pondu ya majani ya muhogo, chakula anachokipenda mama leki. Hakukigusa.

"Mama, kula," koko alisema.

"Maneno moja," mama leki alisema. Alikuwa hapazi sauti. "Nilikuomba maneno moja tu."

"Nimukane mutoto?"

"Hakuna mutu alisema umukane! Ungesema kwa mudomo, kwa shefu, kwa makaratasi. Mungu anajua. Miye anajua. Nani angekasirika?"

"Jina inasikia, Mama. Jina haijui hii ni ya makaratasi na hii ni ya kweli." Koko alimvuta Miye aliyekuwa akitafuna ukingo wa mkeka. "Akiugua leo, utasema ni malaria. Miye nitasema ni mudomo yangu. Nitaishi na hiyo namna gani?"

"Na ule mwanamuke atakayezalia kwenye matope pale kijitoni, yule utaishi naye namna gani?"

Koko alimpangusa Miye mdomo. Jibu la swali lile nimelitafuta kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa. Nilikula samaki wote peke yangu, kwa sababu lazima mtu fulani ale, na kila tonge lilikuwa chungu.

Mama leki aliondoka asubuhi ya mawingu. Pikipiki ilikuwa nje, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Kwetu mtu anayesafiri hatoki hivihivi: nyumba nzima inamsindikiza hadi barabarani, mkubwa anamtemea baraka viganjani, ndipo aende. Aliagiza tusitoke. "Mubaki ndani," alisema. "Mvua inakuja." Mvua ilikuwa bado mbali.

Alinikumbatia. Alimnyanyua mtoto, akamnusa shingoni, akamweka chini bila kumwita jina lolote. Koko alikuwa amesimama katikati ya chumba, viganja vyake vikavu vimefunguka mbele, vikingoja mikono ya kubarikiwa.

"Mama," alisema. "Mama, leta mikono."

Mama leki alishika kitasa. Alimtazama, na nilimwona anavyofanana naye, paji lile, mdomo ule.

"Miye si mama yako," alisema. "Mama yako alikufa zamani, Yanonge, na walimuzika. Miye ni mutoto wako. Tuko bawili."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.